Mshtarii ya Skrini na Mshtarii ya Angani: Namna ya Kuikagua Programu Yako

Umefungua Stellarium kwenye kompyuta, ukaisogelea sayari ya Mshtarii mpaka ikajaa skrini, na programu inakuonyesha Doa Jekundu Kuu likiwa katikati kabisa ya uso wake. Unatoka uani, unaelekeza darubini, unasubiri hewa itulie, na doa hulioni. Nani amekosea: programu, darubini au wewe? Swali hili lina jibu, na kulipata hakuhitaji shahada ya falaki. Kunahitaji saa iliyo sahihi, jedwali la bure la mtandaoni, na subira ya kukagua jambo moja baada ya jingine.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo skrini huyachanganya. Programu ya planetariamu hutoa madai ya aina mbili kuhusu sayari. Dai la kwanza ni la hesabu: sayari iko wapi, inaonekana kubwa kiasi gani, imeinama vipi, upande gani umetuelekea, miezi yake iko wapi. Dai la pili ni la sura: uso huo unafananaje usiku wa leo. Watu wengi hukagua la pili, wakiona tofauti wanalihukumu la kwanza. Hapo ndipo lawama nyingi dhidi ya programu hizi zinapoanzia, na nyingi hazina msingi.

Hesabu za programu nzuri ni sahihi kuliko kifaa chochote cha nyumbani kinavyoweza kupima. Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, hutumia kwa kawaida nadharia ya VSOP87 iliyotolewa na Bretagnon na Francou mwaka 1988. Kwa Mshtarii na Zohali, nadharia hiyo haikosei zaidi ya takriban sekunde moja ya tao kwa muda wa miaka 2000 kabla na baada ya mwaka 2000. Uzi mmoja wa anga una dakika 60 za tao, na kila dakika ina sekunde 60. Uso wa Mshtarii una upana wa sekunde 30 hadi 50 za tao, kwa hiyo kosa la sekunde moja huwezi hata kuliona.

Sura ni habari nyingine kabisa. Picha iliyobandikwa juu ya tufe la Mshtarii kwenye programu imetengenezwa kutokana na picha za vyombo vya angani, na ramani zinazotumika sana zinatokana na chombo cha Cassini kilichopita karibu na sayari hiyo Desemba 2000. Mshtarii haina ardhi tunayoiona. Tunaona mawingu, na mawingu hubadilika. Ramani hiyo ni kama picha ya pasipoti iliyopigwa robo karne iliyopita: mtu ni yuleyule, ila usiitumie kuhesabu mvi zake za leo. Mwaka 2010 mkanda mzima wa kusini wa Mshtarii ulikuwa umefifia hata darubini ndogo zikaonyesha mkanda mmoja badala ya miwili. Ramani ya programu isiyobadilishwa haiwezi kujua jambo kama hilo.

Basi hesabu na sura kila moja ina kipimo chake. Lakini kabla ya kupima, safisha upande wako.

Saa, mahali na nuru

Mshtarii huzunguka kwenye mhimili wake kwa saa 9 na dakika 55 na ushei, mzunguko wa kasi kuliko wa sayari nyingine yoyote ya Jua letu. Maana yake ni kwamba kila dakika moja uso wake hugeuka nyuzi 0.6. Ukikosea saa kwa dakika kumi, doa limesogea nyuzi sita. Ukichanganya saa za Afrika Mashariki na saa ya kimataifa ya UT, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, uso umegeuka nyuzi 109, na doa lililotakiwa kuwa katikati limeshavuka ukingo na kuingia upande usioonekana. Kwa uzoefu wangu, hiki ndicho chanzo cha kwanza cha malalamiko, na hakihusiani na programu.

Kwa hiyo fungua dirisha la mahali, F6 kwenye Stellarium, na uhakikishe mji na kanda ya saa. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Zanzibar zote ni UT jumlisha 3 mwaka mzima. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni jumlisha 2. Muscat ni jumlisha 4. Msomaji wa London au Toronto ana shida ya ziada, kwa kuwa saa za huko husogezwa mbele na nyuma kila mwaka. Kisha fungua dirisha la tarehe na saa, F5, na usome saa kwa mpangilio wa saa 24. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 ya programu, na saa nane usiku ni 02:00 ya siku inayofuata. Ukiigeuza saa nane hiyo ya usiku kuwa UT unapata 23:00 ya jana yake. Tarehe imerudi nyuma, na mtu asipoangalia huishia kulinganisha namba za siku mbili tofauti. Saa ya simu iliyounganishwa na mtandao inatosha kwa kazi hii. Saa ya ukutani haitoshi.

Jambo la pili ni nuru. Mwaka 1676 Ole Rømer, Mdenmarki aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliona kuwa kupatwa kwa Io, mwezi wa ndani wa miezi minne mikubwa ya Mshtarii, kunachelewa Dunia inapokuwa mbali na sayari hiyo na kunawahi inapokuwa karibu. Alitambua kuwa nuru inachukua muda kusafiri. Kutoka Mshtarii hadi kwetu inachukua kati ya dakika 33 na 54 hivi, ikitegemea umbali. Tunachokiona usiku wa leo ni Mshtarii ya zaidi ya nusu saa iliyopita, na katika muda huo sayari imegeuka nyuzi ishirini au thelathini.

Programu nyingi huweka hesabu hiyo zenyewe, lakini zingine zinakuruhusu kuizima. Stellarium ina chaguo la kuiga mwendo wa nuru katika dirisha la F4, kwenye sehemu inayohusu mfumo wa Jua. Angalia kama limewashwa. Kisha fanya jaribio hili: simamisha saa, sogelea Mshtarii, zima chaguo hilo, liwashe tena. Ikiwa Mshtarii iko umbali wa mara 4.2 ya umbali wa Dunia na Jua, nuru inachukua takriban dakika 35, na uso unapaswa kuruka nyuzi 21 hivi. Usipoona mruko wowote, una sababu ya kuishuku programu. Ukiuona, na ukawa karibu na kiasi ulichokitarajia, umekwisha kuthibitisha jambo kubwa kwa kubofya mara mbili tu.

Katika dirisha hilohilo kuna machaguo ya kukuza Mwezi na sayari ili ziwe rahisi kuonekana kwenye skrini. Yazime yote. Mwezi uliokuzwa mara nne hufunika nyota ambazo kwa kweli haukuzifunika, na sayari iliyokuzwa huharibu kila kipimo utakachokichukua.

Ukitumia simu kwa kuielekeza angani, kuna jambo moja zaidi: dira ya simu inaweza kukosea nyuzi nyingi, hasa karibu na gari, geti la chuma au nyaya za umeme. Programu ikikuonyesha Mshtarii juu ya paa la jirani wakati iko juu ya mwembe, hilo ni kosa la dira. Hesabu ya sayari haikuguswa.

Juu ni wapi kwetu?

Sehemu hii naiandika kwa ajili ya wasomaji wanaoishi karibu na ikweta, kwa sababu maelezo mengi ya darubini yaliandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na yanatuchanganya bure.

Mshtarii inapochomoza kwa mtazamaji wa Nairobi au Kampala, kaskazini ya anga iko upande wa kushoto, sambamba na upeo. Mikanda ya sayari, inayofuata mashariki na magharibi, kwa hiyo inakaribia kusimama wima. Miezi yake minne hujipanga juu na chini badala ya kushoto na kulia. Mtu aliyezoea picha za vitabuni, zenye mikanda iliyolala, hudhani programu imegeuza sayari ubavu. Haikugeuza. Hivyo ndivyo inavyoonekana kutoka hapa, na inapotua magharibi inasimama wima tena, kaskazini ikiwa upande wa kulia.

Katikati ya safari hiyo sayari hugeuka haraka. Mwaka 2026, kwa mfano, Mshtarii iko kaskazini mwa ikweta ya anga kwa nyuzi zaidi ya kumi, kwa hiyo inapofika juu kabisa mtu wa Dar es Salaam huitazama akielekea kaskazini, na ncha ya kaskazini ya sayari iko chini. Doa Jekundu Kuu, lililo kusini mwa ikweta ya Mshtarii, linaonekana nusu ya juu. Darubini nayo huongeza lake. Ile ya kioo cha Newton hupindua picha, juu ikawa chini na kushoto ikawa kulia. Darubini yenye kioo cha kuelekeza nuru pembeni kabla ya jicho hubadilisha kushoto na kulia, na hapo hata ukizungusha kichwa huwezi kuilinganisha na ramani.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye Stellarium, Ctrl+M hubadilisha mtazamo kati ya ule wa upeo na ule wa ikweta ya anga. Tumia wa upeo ukilinganisha na jicho lako, na wa ikweta ukilinganisha na picha zilizochapishwa. Ctrl+Shift+H hugeuza kushoto na kulia, na Ctrl+Shift+V hugeuza juu na chini. Geuza mpaka miezi minne ikae kwenye skrini kama inavyokaa kwenye darubini, kisha uache hapo. Miezi ndiyo mwongozo mzuri wa mwelekeo, kwa sababu iko wazi na haibishaniwi.

Namba kwa namba

Sasa hesabu yenyewe. Kipimo cha kutegemea ni Horizons, huduma ya bure ya maabara ya JPL iliyoko Pasadena, California, ambayo hukokotoa mahali pa sayari kwa ajili ya safari za vyombo vya NASA. Unaifungua kwenye kivinjari, unachagua sayari kwa namba (Zuhura 299, Mirihi 499, Mshtarii 599, Zohali 699), unaweka mahali ulipo, unaweka muda, na unachagua safu unazozitaka. Kumbuka kuwa kwa kawaida inahesabu kutoka kitovu cha Dunia, na saa zake ni UT. Kwa Mshtarii tofauti kati ya kitovu cha Dunia na uani kwako haizidi sekunde mbili na ushei za tao. Kwa Mwezi inafika karibu uzi mzima, kwa hiyo huko usisahau kuweka mahali.

Chagua usiku mmoja na saa moja kamili, andika namba za programu, andika za Horizons, ziweke pamoja. Utakutana na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni mfumo wa viwianishi. Programu mara nyingi hutoa jozi mbili za namba: moja ya mfumo wa mwaka 2000, nyingine ya tarehe ya leo. Mhimili wa Dunia huyumba polepole, na viwianishi husogea sekunde 50 za tao hivi kila mwaka. Kufikia 2026 tofauti imefika karibu dakika 22 za tao, zaidi ya theluthi ya uzi. Ukiona tofauti ya ukubwa huo, huna kosa mkononi. Una namba za mifumo miwili. Tofauti ya hadi sekunde 20 za tao nayo inaweza kutokana na upotoshaji mdogo wa mwelekeo wa nuru unaoletwa na mwendo wa Dunia kuzunguka Jua, ambao safu moja ya Horizons huuhesabu na nyingine hauhesabu.

Mtego wa pili ni hewa. Karibu na upeo angahewa hupinda nuru na kuinyanyua sayari zaidi ya nusu uzi. Linganisha kimo cha sayari ikiwa juu sana, au hakikisha pande zote mbili zimewasha au zimezima hesabu ya hewa.

Mtego wa tatu ndio mgumu, na unahusu Mshtarii peke yake kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa sayari hii ni gesi, haizunguki kwa kasi moja kila mahali, na wanafalaki wameipa mifumo mitatu ya longitudo. Mfumo wa I ni wa ukanda wa ikweta na huzunguka kwa saa 9, dakika 50 na sekunde 30. Mfumo wa II ni wa maeneo mengine ya mawingu: saa 9, dakika 55 na sekunde 40.6. Mfumo wa III unafuata usumaku wa ndani ya sayari: saa 9, dakika 55 na sekunde 29.7. Horizons hutoa longitudo ya kati, yaani ile inayopita katikati ya uso tunaouona, kwa Mfumo wa III. Doa Jekundu Kuu huhesabiwa kwa Mfumo wa II. Mifumo hii miwili huachana kwa nyuzi 0.266 kila siku, nyuzi nane kwa mwezi, nyuzi 97 kwa mwaka. Ukiilinganisha bila kujua, utapata tofauti kubwa isiyo na maana yoyote.

Kwa Mfumo wa II tumia WinJUPOS, programu ya bure ya Grischa Hahn wa Ujerumani, inayotumiwa na wapimaji wa picha za Mshtarii. Au tumia kigezo kilichochapishwa. Katika kitabu chake cha 1991, Astronomical Algorithms, Mbelgiji Jean Meeus anatoa mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua: tarehe 16 Desemba 1992, saa 0 UT, longitudo ya kati ya Mshtarii ilikuwa nyuzi 268.06 kwa Mfumo wa I na 72.74 kwa Mfumo wa II. Kwa Mirihi anatoa tarehe 9 Novemba 1992, saa 0 UT: nyuzi 111.55. Peleka programu yako kwenye usiku huo. Ikikubaliana na Meeus ndani ya uzi mmoja, mzunguko wa sayari umehesabiwa sawasawa. Robo ya uzi kwa Mirihi isikusumbue, kwani mfumo wa longitudo wa sayari hiyo umerekebishwa tangu wakati ule.

Ukubwa unaweza kuukagua kwa kikokotoo cha simu. Chukua umbali wa sayari kwa kipimo cha umbali wa Dunia na Jua, ambao programu hukuandikia, na uzigawanye namba hizi kwa umbali huo: 197 kwa Mshtarii, 166 kwa Zohali bila pete zake, 16.7 kwa Zuhura, 9.4 kwa Mirihi. Jibu ni upana wa sayari kwa sekunde za tao. Mshtarii ikiwa 4.2 unapata 46.9. Halafu weka rula juu ya skrini. Mshtarii si duara: imebonyea kwenye ncha kwa sababu ya kasi ya mzunguko, kilomita 142,984 kupitia ikweta na 133,708 kupitia ncha. Ikiwa upana wake kwenye skrini ni milimita 107, kimo kiwe 100. Programu inayochora Mshtarii kama mpira kamili imekosea, na kosa hilo huhamisha mahali pa kila kitu kilicho juu ya uso.

Miezi haidanganyi

Ukiniuliza kipimo kimoja tu cha kufanya kwa macho yako, nitakuambia miezi minne: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Darubini ya macho mawili ya 10x50, ikiegemezwa ukutani isitikisike, inaionyesha. Io huzunguka Mshtarii kwa siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15, Callisto 16.69. Mpangilio wao hubadilika kila usiku, na programu iliyokosea saa au tarehe hujulikana mara moja.

Kwa kipimo kikali zaidi unahitaji darubini yenye kioo au lenzi ya milimita 80 kwenda juu. Tafuta kwenye programu usiku ambao Io anaingia nyuma ya Mshtarii, au kivuli chake kinapita juu ya uso wake. Andika saa ya tukio kwa dakika. Ukumbuke kuwa Io si nukta: ana upana wa kilomita 3,600 na ushei, na huchukua kama dakika tatu na nusu kuzama kabisa. Programu moja inaweza kutaja mwanzo wa kuzama na nyingine katikati yake, kwa hiyo dakika mbili si ugomvi. Dakika kumi ni ugomvi.

Kivuli kina jaribio lake zuri. Kabla ya siku ambayo Mshtarii iko mkabala na Jua, kivuli cha mwezi hutangulia mwezi wenyewe kuingia kwenye uso wa sayari. Baada ya siku hiyo kivuli hufuata nyuma. Mwaka 2026 siku hiyo ilikuwa 10 Januari. Endesha programu kabla na baada ya tarehe hiyo uone kama inatii. Programu inayochora kivuli upande uleule mwaka mzima haihesabu mahali pa Jua.

Na ukitaka kujua kama programu yako inaaminika kwa nyakati za kale, ipeleke Padova, Italia, jioni ya tarehe 7 Januari 1610, saa moja hivi baada ya Jua kutua. Usiku huo Galileo aliona nyota ndogo tatu karibu na Mshtarii, mbili mashariki na moja magharibi. Usiku uliofuata aliziona tatu, zote magharibi. Programu inayohesabu vizuri inakuonyesha hayohayo, na pia inakuonyesha kwa nini hakuhesabu nne usiku ule wa kwanza: Io na Europa walikuwa wamekaribiana mno kwa darubini aliyokuwa nayo. Kila ninapolifanya jaribio hili nafurahi upya, kwa sababu ushahidi wa mtu aliyekaa na darubini ya mkono miaka mia nne iliyopita unakutana na hesabu ya leo, na vinakubaliana.

Doa Jekundu Kuu

Turudi kwenye doa lililokosekana. Ukishathibitisha saa, nuru, mwelekeo na longitudo ya kati, na doa bado haliko linapoonyeshwa, umefika kwenye kitu ambacho programu haiwezi kukikokotoa. Doa ni tufani, na tufani huhama. Katika Mfumo wa II limekuwa likisogea nyuzi moja hadi mbili kwa mwezi katika miaka ya karibuni, na mwendo huo si wa kudumu. Hakuna nadharia inayolitabiri kwa miaka mingi mbele. Programu hutumia longitudo iliyopimwa tarehe fulani na kuongeza mwendo wa wastani. Toleo la zamani likibaki na thamani ya miaka minne iliyopita na mwendo uliokosewa kwa nyuzi tano tu kwa mwaka, doa limekosea nyuzi 20, na hizo ni dakika 33 kwenye saa yako.

Unaweza kulipima mwenyewe kwa njia ileile ambayo Giovanni Cassini aliitumia mwaka 1665 alipopata kuwa Mshtarii huzunguka kwa saa 9 na dakika 56. Kaa kwenye darubini nusu saa kabla ya muda unaotajwa. Andika dakika unapohisi doa linakaribia mstari wa kati, dakika unapoliona liko katikati kabisa, na dakika unapokuwa na hakika limepita. Chukua ile ya katikati, na utumie nyingine mbili kuihakikisha. Jicho lililozoea hulipata kwa tofauti ya dakika chache.

Sasa hesabu. Programu inasema 21:40. Wewe umeliona katikati saa 22:05. Tofauti ni dakika 25, mara 0.6 ni nyuzi 15. Doa limechelewa, na longitudo za Mfumo wa II hupita katikati zikiongezeka, kwa hiyo longitudo ya doa ni kubwa kuliko ile ya programu kwa nyuzi 15. Stellarium ina mipangilio ya doa katika sehemu ileile ya mfumo wa Jua: longitudo, mwendo wa mwaka na tarehe ya kuanzia. Ongeza nyuzi 15, weka tarehe ya leo. Kisha rudia kesho kutwa, saa moja na dakika 38 baadaye kuliko leo, kwa kuwa mizunguko mitano ya Mshtarii hutimia baada ya saa 49 na dakika 38. Likifika katikati kwa wakati, marekebisho yako ni ya kweli.

Ukubwa wa doa usiuamini kwenye skrini. Mwishoni mwa karne ya 19 lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 41,000 hivi. Vyombo vya Voyager vililikuta na kilomita 23,300 mwaka 1979. Darubini ya Hubble ililipima kilomita 16,500 mwaka 2014. Ramani iliyotengenezwa kwa picha za 2000 ina doa kubwa kuliko la leo, na anayetafuta doa la ukubwa huo atalipita bila kulitambua.

Sayari nyingine kwa kifupi

Mirihi ni rahisi kuliko Mshtarii kwa sababu ina ardhi ngumu, na alama zake haziendi popote. Tafuta Syrtis Major, ile pembetatu nyeusi. Ramani za sasa huiweka karibu na nyuzi 70 mashariki. Za zamani huiita 290 magharibi, na ni mahali palepale. Kwa kuwa siku ya Mirihi inazidi yetu kwa dakika 40 hivi, ukiitazama kila usiku saa ileile, uso wake huonekana kurudi nyuma kama nyuzi tisa, na programu ifanye hivyohivyo. Kofia nyeupe za ncha zake hukua na kupungua kwa majira, ilhali ramani ya programu mara nyingi huziacha zilivyo. Mwaka 2018 tufani ya vumbi iliifunika sayari nzima na alama zikapotea. Usiku kama huo skrini haina la kukuambia.

Zohali ikaguliwe kwa pete. Tarehe 23 Machi 2025 Dunia ilipita katika bapa la pete zake, na pete zikawa mstari mwembamba. Mwaka 2017 zilikuwa zimefunguka karibu nyuzi 27. Programu isiyoonyesha tofauti hiyo haifai.

Zuhura ina hadaa ya pekee. Baadhi ya programu huivisha ramani ya rada ya chombo cha Magellan, kilichoipima kuanzia 1990: milima na mabonde ya rangi ya machungwa. Hakuna darubini ya kawaida duniani itakayokuonyesha hayo, kwa kuwa mawingu mazito yameifunika sayari yote. Ya Zuhura kagua umbo la mwangaza wake, kama ni hilali au nusu, na ukubwa. Basi.

Ukipata kosa la kweli

Baada ya kupita njia hii yote, tofauti nyingi zitakuwa zimeyeyuka zenyewe. Ikibaki moja isiyoelezeka, ipeleke kwa watengenezaji. Stellarium, kama nyingi za aina yake, inaendelezwa na watu wanaojitolea, na ramani zake na mipangilio yake hurekebishwa kwa sababu watumiaji wanaandika. Waandikie tarehe, saa kwa UT, latitudo na longitudo ya mahali ulipo, namba ya toleo la programu, namba iliyotolewa na programu, namba iliyotolewa na Horizons au WinJUPOS, na mfumo wa longitudo ulioutumia. Ambatisha picha ya skrini, na picha ya darubini kama unayo, hata ya simu, mradi saa yake ni sahihi. Ujumbe usemao tu kwamba sayari imekosewa hauna cha kufanyiwa kazi. Wenye namba hizo saba unaweza kukaguliwa na mtu yeyote, popote alipo, siku hiyohiyo.